Kuuza Picha za Waogeleaji kwa Nakala Chache Zenye Namba: Mwongozo Kamili Toka Faili Mpaka kwa Mteja

Watu wengi wanakwama sehemu ileile. Mtu ana picha kali kabisa ya muogeleaji, mabega yanatoka majini, matone yamesimama hewani, anaipandisha mtandaoni anaandika "toleo maalumu, zipo 50 tu" halafu kimya. Au anapata mnunuzi mmoja ambaye baadaye anarudi kuuliza mbona ileile picha naiona unaiuza kama posta, tena kwa bei ya chee.

Picha mara nyingi haina shida. Shida ni ile 50. Imetoka wapi, nani kaiandika, inahusu saizi zote au moja, na nini kinakuzuia kesho usiprinti ya 51? Kama hujajibu hayo kwa maandishi, mnunuzi anayejua mambo yake anapita tu, na asiyejua atakuja kukusumbua baadaye. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inazunguka kwenye kuifanya hiyo namba iaminike.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa printa

- Faili halisi la picha kama lilivyotoka kwenye kamera, sio lile ulilotumiwa WhatsApp au ulilolishusha Instagram
- Fomu ya ridhaa iliyosainiwa na muogeleaji
- Skrini iliyosetiwa rangi kwa kifaa cha kupimia (azima kama huna, sio kitu cha kutumia kila siku)
- Duka la kuprinti linalotumia wino wa pigmenti (wino wa chembe za rangi, haufifii haraka) na lililo tayari kukupa profaili ya rangi ya karatasi yao, yaani faili linaloiambia kompyuta rangi zitatokaje kwenye karatasi hiyo
- Bajeti ya printi za majaribio, usiiruke hii
- Daftari la toleo, la karatasi au la kwenye kompyuta, ikiwezekana vyote viwili
- Vyeti vya kuambatana na kila nakala (yaliyomo yako hatua ya 7)
- Penseli ya kawaida, kalamu ya wino wa pigmenti, glavu safi za pamba
- Vifungashio: karatasi laini isiyo na asidi, kadibodi ngumu, mfuko wa plastiki wa kuzuia unyevu

Umeona kamera mpya haimo.

## Hatua ya 1: Chagua picha moja

Anza na moja. Kumi kwa mpigo zinakuchanganya we na mteja, na gharama za majaribio zinapanda mara kumi.

Picha ya muogeleaji anayegusa ukuta wa mwisho huku kakunja uso ni nzuri gazetini, ila sebuleni inachosha haraka. Za ukutani ni zile ambazo maji yanafanya kazi sawa na mwili: mtu kapigwa kwa chini maji yakimvunjavunja umbo, mkono unaingia majini na mkia wa mapovu nyuma yake, mtu mmoja kapigwa toka juu kwenye mistari ya bwawa. Uso ukiwa haujulikani ndo vizuri zaidi, maana wengi hawataki kuishi na sura ya mtu wasiyemjua ikiwaangalia wakinywa chai. Waogeleaji wenyewe na klabu zao ni kundi lingine, wao wanataka kujiona, na hao ni wateja wa posta na albamu zaidi kuliko wa nakala zenye namba.

Fungua picha kwa ukubwa kamili kwenye skrini, pitia kona moja mpaka nyingine. Tafuta tone lililokaa kwenye lenzi, povu lililojifunga puani, vigae vya bwawa vilivyotoa mawimbi ya rangi ambayo hayapo, nembo kubwa kwenye kofia au vazi. Nembo sio lazima iwe kesi, ila inaifanya picha ionekane tangazo na inaishusha thamani. Pete za Olimpiki kaa nazo mbali kabisa, zinalindwa vikali.

Halafu printi ndogo ya A4, ya bei rahisi tu, ibandike ukutani sehemu unayopita kila siku. Ikipita wiki mbili bado inakusimamisha, endelea nayo. Kama umeshaacha kuiona, rudi kwenye mafaili.

## Hatua ya 2: Ridhaa, na hapa usijifanye mjanja

Muogeleaji yupo nusu uchi, ndo ukweli wenyewe, kwa hiyo ridhaa yake ina uzito kuliko ya mtu aliyevaa koti barabarani. Fomu iseme jina, tarehe, sehemu mlipopiga, kwamba picha itauzwa kama kazi ya sanaa kwa nakala zenye namba, kwamba itaonyeshwa mtandaoni na kwenye maonyesho ili kuitangaza, na yeye anapata nini. Saini mbili, nakala mbili.

Kuna watu watakwambia sanaa haihitaji ruhusa. Inategemea uko wapi. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupa kesi ya mtu aliyepigwa picha barabarani na Philip-Lorca diCorcia bila kujua, picha ikauzwa kwa nakala 10, mahakama ikasema hiyo ni sanaa na inalindwa. Lakini Kanada mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliona tofauti, binti aliyekuwa na miaka 17 alipigwa amekaa kwenye ngazi za jengo huko Montreal, picha ikatoka kwenye jarida la sanaa bila ridhaa yake, akalipwa fidia ya dola 2,000. Sanaa zote mbili, majibu tofauti. Na picha ukiiuza mtandaoni inaweza kuishia nchi yoyote, sasa karatasi moja iliyosainiwa si inakuondolea hiyo bahati nasibu yote?

Mambo matatu mengine:

Mashindano. Ukiingia na kitambulisho cha mwanahabari, masharti yake mara nyingi yanaruhusu matumizi ya habari tu. Yasome. Kama yanakataza biashara, hiyo picha haiuziki hata iwe nzuri vipi, panga kupiga nyingine mazoezini kwa makubaliano.

Mwenye bwawa. Mabwawa mengi ni mali ya mtu, hoteli au shule, omba ruhusa ya maandishi hata kama ni ujumbe mfupi wa imeili.

Watoto. Kisheria mzazi anaweza kusaini, ila mi ushauri wangu ni usiuze kabisa picha za watoto wakiwa na nguo za kuogelea kwa watu usiowajua. Hujui ukuta unaoenda.

Umemaliza hatua hii ukiwa na faili moja lenye fomu, ruhusa ya bwawa na picha ndogo ya kutambulisha ni picha ipi inayozungumziwa.

## Hatua ya 3: Panga idadi, iandike, kisha usiiguse tena

Hapa ndo penyewe, nenda taratibu.

Idadi yenyewe. Kwa anayeanza napendekeza jumla isizidi 30, na hiyo 30 sijaitoa hewani. Kwenye sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya Umoja wa Ulaya, ile directive (agizo kwa nchi wanachama) ya 2006, picha inahesabika kazi ya sanaa ikiwa imepigwa na msanii, imeprintiwa na yeye au chini ya usimamizi wake, imesainiwa, ina namba, na nakala hazizidi 30 kwa saizi zote na aina zote za kubandikwa. Uingereza nao wanatumia maana hiyohiyo. Ukiwa ndani ya hiyo 30, mnunuzi wa huko anaweza kuangukia kwenye kiwango cha chini cha kodi, ukizidi ni bidhaa ya kuprinti kama kalenda. Marekani sheria yao ya 1990 ya kulinda haki za wasanii inataja nakala 200 au pungufu, zilizosainiwa na zenye namba mfululizo, ila kuuza 200 za picha moja kwa mtu ambaye hajajulikana bado ni safari ndefu sana, na ile "3/200" ikikaa miaka minne bila kusogea kila mtu anaiona.

Tano nazo ni chache mno kwa mwanzo. Zikiisha haraka huna la kufanya, idadi haiongezwi hata kwa nakala moja.

Saizi. Hili ndo linawaponza wengi. Mtu anasema "nakala 15" halafu baadaye anatoa saizi kubwa "nakala 15 nyingine", anaona hajadanganya. Kitaalamu kila saizi inaweza kuwa toleo lake, sawa, ila aliyenunua mwanzo hakuambiwa. Kesi maarufu ni ya mpiga picha Mmarekani William Eggleston. Mwaka 2012 ziliuzwa kwenye nyumba ya mnada ya Christie's printi zake 36 mpya, kubwa, za kidijitali, baadhi zikiwa za picha zilezile alizokuwa ameshaziuza zamani kwa nakala chache na kwa njia nyingine ya kuprinti, mnada ukaleta kama dola milioni 5.9. Mkusanyaji Jonathan Sobel aliyekuwa na zile za zamani akaenda mahakamani akidai thamani ya zake imeshushwa. Mwaka 2013 kesi ikatupwa, mahakama ikaona hizo mpya ni toleo jingine.

Eggleston alishinda, ndio. Lakini yeye ni Eggleston. We ukigombana na mteja wako wa tatu hata ukishinda umepoteza, kwa hiyo taja saizi zote siku ya kwanza. Mfano wa kufanyia kazi: ndogo 18, kubwa 7, nakala za msanii 2, jumla 27. Umebakiza nafasi chini ya 30 na hakuna anayeshangazwa baadaye.

Nakala za msanii. Hizi zinaandikwa AP badala ya namba ya kawaida, na mazoea ni zisizidi asilimia 10 ya toleo. Sio mlango wa nyuma wa kuuzia. Moja weka, nyingine mpe muogeleaji kama mlikubaliana hivyo, na zote mbili ziingie kwenye daftari.

Matumizi mengine. Je hiyo picha unaweza kuitumia kwenye kadi, kitabu, kalenda? Amua sasa. Mi naruhusu kitabu na matangazo ya maonyesho, naziba posta na bidhaa, maana posta ndo inayomuudhi mnunuzi wa namba.

Sasa iandike. Sentensi inaweza kuwa hivi:

> "Picha hii inatolewa kwa nakala 18 za sm 30 × 45, nakala 7 za sm 50 × 75 na nakala 2 za msanii, na hakuna nyingine. Haitaprintiwa tena kwa saizi, karatasi wala njia nyingine yoyote, isipokuwa ndani ya kitabu au tangazo la maonyesho. Nakala zinaprintiwa kadiri zinavyoagizwa, kwa karatasi hiihii au ya ubora uleule ikiwa hii itaacha kutengenezwa."

Hiyo sehemu ya mwisho ni ya muhimu kuliko inavyoonekana. Huhitaji kuprinti zote 27 leo, ila mteja ajue, na kiwanda cha karatasi kikibadili mambo usijikute umefungwa.

Daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nakala mstari wake: namba, saizi, tarehe ya kuprintiwa, karatasi, namba ya cheti, nani kanunua, bei, imetumwa lini, na kama imerudi au imeharibika. Fungua daftari kabla ya printi ya kwanza, ukisubiri mpaka uuze utaanza kukisia.

## Hatua ya 4: Hesabu ya pikseli

Gawanya pikseli kwa 300 upate inchi. Faili la pikseli 6000 × 4000 (kamera ya megapikseli 24) linakupa inchi 20 × 13.3, yaani karibu sm 50 × 34 bila kulazimisha kitu. Ukishuka mpaka 200 kwa inchi unafika sm 76 × 51, na kwa picha kubwa ya ukutani inayotazamwa toka mbali kidogo inakubalika kabisa. Ndo maana mfano wa hapo juu una 50 × 75.

Ila ukikata picha pembeni hesabu inaanza upya, na picha za majini hukatwa sana kwa sababu muogeleaji hakai pale ulipomtarajia. Fanya hesabu na faili lililokatwa. Programu za kukuza picha zipo, kwa ngozi na maji tulivu zinafanya vizuri, kwa matone na mapovu zinatengeneza vitu kama kamba na mchele, angalia kwa jicho lako.

## Hatua ya 5: Rangi ya maji na ngozi

Malalamiko mengi yanatoka hapa, "kwenye simu ilikuwa inawaka, kwenye karatasi imekufa".

Kwanza skrini. Iset weupe wake kwenye 6500K (kipimo cha joto la rangi) na mwanga wa kati ya 80 na 120 cd/m² (kipimo cha ung'avu wa skrini). Skrini nyingi zinatoka dukani zinawaka kuliko hapo, unapunguza picha ili ikae vizuri machoni mwako, halafu printi inatoka giza. Fanya kazi kwenye faili la biti 16 na rangi za Adobe RGB, mpangilio wenye wigo mpana wa rangi. sRGB, ule mpangilio wa kawaida wa mtandaoni, inabana upande wa samawati na kijani, na bwawa zima ndo limekaa upande huo.

Pili, ukubali kwamba ile samawati ya bwawa inayong'aa kwenye skrini, wino hauifikii yote, hasa kwenye karatasi isiyong'aa. Ndo kazi ya profaili ya karatasi: ipakie kwenye programu ya picha, washa hali ya kuonyesha printi itakavyokuwa pamoja na alama ya rangi zilizozidi uwezo. Bwawa lote likijaa alama, usiburute kitufe cha rangi chini kwa picha nzima, punguza samawati peke yake kidogo kidogo na sogeza rangi yake taratibu mpaka maji yarudi kuwa maji. Ukiona maji yanageuka zambarau, umesogeza mbali. Ukiona yamekatika vipande kama ngazi badala ya kufifia polepole, programu inazikata rangi zilizozidi, chagua ile njia inayozibana rangi zote kwa pamoja.

Tatu, ngozi. Picha za chini ya maji zinapoteza nyekundu kwanza, maji yanaimeza kabla ya rangi nyingine, hivyo ngozi inakuwa ya kijivu-kijani kama mtu anaumwa. Rudisha wekundu kwenye ngozi tu, ukiurudisha kwenye picha nzima bwawa linakuwa la matope.

Ngozi nyeusi iliyolowa ni jambo la kupendeza sana kwenye karatasi ukiipatia, ina vile vimulimuli vidogo begani na mgongoni vinavyochora msuli wenyewe, na chini yake kahawia nzito. Karatasi isiyong'aa inaimeza hiyo kahawia, mgongo unakuwa bonge moja jeusi. Inua vivuli kidogo kwenye ngozi kabla ya kuprinti, na upange hivi: ngozi kwanza, maji baadaye. Mtu anasamehe bwawa lililokosea kidogo, ngozi iliyokosea anaigundua hapohapo hata kama hawezi kukuambia kuna nini.

Nne, matone. Palipokuwa peupe kabisa wino hauendi, karatasi inabaki tupu. Kwenye karatasi yenye mng'ao, iinamishe dirishani uone, pale kwenye mruko wa maji kuna madoa yasiyong'aa kama yanavyong'aa mengine, yanaonekana kama mtu kagusa na kidole cha unga. Shusha sehemu nyeupe zaidi kidogo sana, weupe ubaki machoni lakini wino mwepesi upite juu yake.

## Hatua ya 6: Karatasi, kisha printi ya mfano

Kuna njia mbili kuu. Karatasi ya pamba isiyong'aa, uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba (Hahnemühle Photo Rag kwa mfano ni 308), inafaa picha za chini ya maji zenye ukungu na utulivu. Ya baryta (karatasi yenye tabaka la madini ya bariamu) yenye mng'ao ina weusi mzito zaidi na inafaa picha zenye mruko, matone na jua. Zote mbili hakikisha hazina asidi na wino ni wa pigmenti.

Kubandika picha nyuma ya akriliki kunapendeza mno kwa picha za maji, inakuwa kama unaangalia bwawani. Ila ikishabandikwa haibanduki, ikikwaruzwa imekwisha, na uzito wake unaongeza gharama ya usafiri. Kwa toleo la kwanza achana nayo.

Agiza kwanza kipande kimoja cha karatasi chenye sehemu tatu ngumu za picha: ngozi, maji ya samawati kali, na mruko mweupe. Vikae saizi halisi. Viangalie mchana karibu na dirisha, viangalie usiku kwenye taa ya kawaida ya nyumbani, maana huko ndo vitakapoishi. Ukiridhika agiza nakala nzima, iandike nyuma "mfano", na kila nakala itakayoprintiwa siku zijazo ilinganishwe nayo. Kama duka haliwezi kukurudishia rangi ileile miezi sita baadaye, ni bora ujue sasa.

Hiyo ya mfano haiuzwi. Ingiza kwenye daftari kama mfano.

## Hatua ya 7: Saini, namba na cheti

Acha printi ikauke siku nzima bila kufunikwa. Vaa glavu. Kwenye karatasi ya pamba tumia penseli, kwenye ukingo mweupe chini ya picha: namba kushoto, jina la picha katikati, saini kulia. Hivi:

> 4/18 — *jina la picha* — saini, mwaka

Penseli haichujuki na ni ngumu kuigushi kwa printa. Kwenye baryta penseli haishiki, saini nyuma au ukingoni kwa kalamu ya wino wa pigmenti, jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki na usubiri ikauke kabisa. Kalamu za wino wa kawaida hapana, zinapenya na kubadilika rangi.

4/18 maana yake ni ya nne kati ya 18 za saizi hiyo. Usiruke namba kumpa rafiki 7/18 kwa vile ni namba yake ya bahati, utavuruga daftari. (Watu wataomba. Waogeleaji hasa, wanataka namba ya mstari wao wa kuogelea.)

Cheti kiwe na: jina lako, jina la picha, mwaka wa kupigwa na mwaka wa kuprintiwa, saizi ya picha na ya karatasi, aina ya karatasi na wino, namba ya nakala, idadi kamili ya toleo pamoja na saizi nyingine na AP, ile sentensi ya ahadi ya hatua ya 3, saini, tarehe. Hologramu zenye namba pacha zinauzwa, moja inabandikwa nyuma ya picha nyingine kwenye cheti, zinasaidia ila hazichukui nafasi ya daftari.

Usiandike "itadumu miaka 200". Andika karatasi na wino gani, na kwamba isiwekwe juani.

## Hatua ya 8: Bei

Anzia kwenye gharama, sio kwenye hisia. Tuseme kuprinti, cheti na kufunga vinakula 80 (ya pesa yoyote unayotumia). Galari mara nyingi zinachukua nusu ya bei. Ukiuza 250, galari 125, gharama 80, umebaki na 45 kwa kazi yote hiyo. Kwa hiyo 250 ni bei ya kufa, hata kama leo unauza mwenyewe bila galari, kwa sababu siku galari itakapokuja huwezi kupandisha ghafla mara mbili na huwezi kuuza kwako chini ya wanavyouza wao. Bei ni moja kila sehemu.

Panda kwa ngazi. Nakala 1 mpaka 6 bei ya kuanzia, 7 mpaka 12 juu kidogo, 13 mpaka 18 juu tena, na zitangazwe ngazi zote toka mwanzo. Anayenunua mapema anapata nafuu, anayechelewa ameona kwa nini.

Punguzo la hadharani, hapana. Mtu aliyelipa bei kamili akiona "nusu bei wikiendi hii" umemmaliza. Ukitaka kumfurahisha mteja wa zamani mlipie usafiri.

## Hatua ya 9: Kuuza

Onyesha picha moja ikiwa ukutani kwa kweli, pembeni kuwe na kiti au mlango ili ukubwa uonekane. Onyesha ukingo wenye saini kwa karibu. Onyesha karatasi kwa mwanga wa pembeni. Hivi vitatu vinauza kuliko picha yenyewe ya kwenye skrini, ambayo mtu anaweza kuiangalia bure.

Maelezo yawe mafupi: saizi, idadi, zimebaki ngapi, bei, muda wa kutuma. "Zimebaki ngapi" itoke kwenye daftari, ukibuni utajisahau.

Wanaonunua: wabunifu wa ndani ya nyumba, watu waliowahi kuogelea kwa ushindani, hoteli na kliniki. Mbunifu mmoja anaweza kukuletea oda za miaka, mwandikie kwa jina, mtumie picha tatu tu na saizi.

Kitu kimoja utaulizwa na picha za maji kuliko nyingine zote: naweza kuitundika bafuni, au pale bwawani? Jibu ni hapana. Mvuke unaikunja karatasi na ukungu unaingia nyuma ya kioo. Mwambie kabla hajalipa, na uiandike kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya kifurushi. Anayeng'ang'ania mshauri aitundike ukuta wa nje ya bafu.

## Hatua ya 10: Kufunga na kutuma

Ndogo zitume zikiwa zimelala: karatasi laini isiyo na asidi juu ya picha, mfuko wa plastiki, kisha kadibodi mbili ngumu ambazo nyuzi zake zimepishana, moja wima moja ulalo, ili zisipinde upande wowote. Kadibodi ziizidi picha sm 5 kila upande, kona ndo zinaumia kwanza. Kubwa tumia tyubu nene ya upana wa sm 15 hivi, nyembamba inaikunja karatasi nzito mpaka inavunjika ngozi ya juu.

Nchi nyingine: kwenye fomu ya forodha picha zilizoprintiwa zinaingia kwenye msimbo wa HS 4911.91 (namba za kimataifa za kupanga bidhaa forodhani). Andika bei ya kweli, hata mteja akikuomba uandike "zawadi", kwa sababu bima italipa kilichoandikwa. Na uliza kabisa kama bima ya hiyo kampuni ya vifurushi inagusa kazi za sanaa, nyingi zina kikomo kidogo kwa vitu hivyo. Mwambie mteja mapema kwamba ushuru wa kwao ni wake.

Piga picha nne kabla ya kufunga: mbele, nyuma, saini, kifurushi kilichofungwa.

## Hatua ya 11: Ikifika imeharibika

Itatokea. Usiprinti nyingine haraka uitume, kwa sababu hapo kutakuwa na 4/18 mbili duniani na ahadi yako imevunjika bila we kukusudia.

Omba picha za uharibifu na za kifungashio siku hiyohiyo, kwa ajili ya bima. Kisha mteja airudishe au, kama kurudisha ni ghali, aikate katikati ya saini akutumie video au picha ya vipande. Ukishaona, printi mpya, ipe namba ileile 4/18, na cheti kipya kiseme "mbadala wa nakala iliyoharibiwa tarehe fulani". Cheti cha zamani kirudi au kichanwe naye.

Kwenye daftari usifute mstari wa kwanza. Upige mstari mmoja juu yake, andika sababu, na chini yake anza mpya.